Tupeane uzoefu: wenye hedhi nzito, nini hasa kinakutosha?

Mwenye mada

Nawasalimu nyote. Naomba hapa tuzungumze bila kuoneana haya. Siongelei hedhi ambayo pedi yoyote inaimudu. Naongelea ile ambayo pakiti imeandikwa masaa 8 na wewe kabla ya masaa 2 umeshajaa. Ile ya mabonge, ya kuamka usiku kubadilisha na asubuhi bado shuka linafuliwa. Ile ya kukaa ukingoni mwa kiti, kisha unamwomba mwenzako akuangalie nyuma kabla hujatoka mlangoni.

Mimi nina uvimbe kwenye kizazi, ule wanaouita fibroidi, na hali hii ilianza baada ya mtoto wa pili. Kwa upande wa pedi nimegundua kwamba urefu na upana wa nyuma una maana kuliko unene. Pedi nene lakini fupi inakuacha ukikaa au ukilala. Kwa hiyo zile ndefu za usiku mimi navaa hata mchana. Halafu kupanga mbili juu kwa juu hakusaidii kama tunavyodhani: ya juu ina nailoni chini yake, damu haiwezi kupenya ikaifikia ya pili, inatafuta njia ya pembeni. Nazipishanisha. Moja inakaa mbele, nyingine inaanzia katikati na kupanda nyuma hadi karibu na kiuno. Na chupi iwe ya kubana, saizi yako hasa, maana chupi iliyolegea inaiacha pedi mbali na mwili na hapo hata pedi bora itavuja.

Nyinyi mnatumia nini? Mchana, usiku, safarini? Na aliyepata ahueni kwa matibabu naye atuambie.

Tulizo

Kikombe cha hedhi ndicho kilichonirudishia usingizi. Kile cha silikoni unachokunja na kuingiza ndani. Vya kawaida vinabeba kama mililita 20 hadi 30, na kuna vikubwa vinavyozidi hapo. Kuzoea kunataka subira, na kwanza nilitamani kuachana nacho, lakini kikishakaa sawa hukisikii.

Ila faida kubwa niliyoipata siyo hiyo. Kikombe changu kina mistari ya vipimo. Kabla yake nilikwenda kwa daktari nikaambiwa kila mwanamke huona yake ndiyo nyingi, nikarudi nyumbani nalia. Baadaye nikaanza kuandika kwenye daftari kila ninapomwaga: tarehe, saa, mililita. Wanawake wengi hupoteza kama mililita 30 hadi 40 kwa hedhi nzima, na kwa miaka mingi matabibu walihesabu zaidi ya 80 kuwa ni nyingi kupita kiasi. Mimi nilikuwa navuka 80 kabla siku nzito hazijaisha. Daktari wa pili alipoona daftari lile hakuniuliza kama nina uhakika. Alinipeleka ultrasaundi na kupima damu siku hiyohiyo. Dada zangu, andikeni. Neno "nyingi" kila mtu analitafsiri anavyotaka, namba haibishaniwi.

Mama Binti

Nimesoma nikatetemeka, maana yangu ni ya mtoto.

Binti yangu alivunja ungo akaanza moja kwa moja na damu nyingi. Hedhi inapita wiki. Nilikuwa nimemwandalia zile pedi nyembamba za wasichana, zenye pakiti ya rangi nzuri, hazikufua dafu. Akawa anarudi na sweta kiunoni, kisha akaanza kukataa kwenda shule siku hizo. Watu wazima walionizunguka wakasema ndivyo ilivyo mwanzoni, itatulia, hata mimi niliipata hivyo. Na kweli mwanzoni mzunguko huyumba kwa wasichana wengi. Lakini mtoto alikuwa anapauka. Akipanda ngazi anashika ukuta.

Tulichofanya kwanza ni kubadilisha vifaa. Nilimnunulia pedi za akina mama waliojifungua, zile kubwa. Akazichukia kwa ukubwa wake, akasema zinaonekana, tukashona sketi yenye marinda zaidi. Mwalimu wake mmoja wa kike, Mungu ambariki, akamruhusu atoke darasani bila kuomba ruhusa mbele ya wenzake. Hilo dogo lilimrudisha shule kuliko pedi yoyote.

Halafu tukaenda hospitali, na huko daktari aliuliza maswali ambayo sikuyategemea. Anatokwa damu puani? Akipiga mswaki fizi zinatoa damu? Akigongwa kidogo anavilia? Aling'olewa jino likachukua muda kukauka? Yote ndiyo. Na mimi mwenyewe ndiyo kwa mengi, sikuwahi kujua kama ni ugonjwa. Vipimo vikaonyesha ana tatizo la damu kutoganda vizuri, linaitwa ugonjwa wa von Willebrand, tena unarithiwa. Tukaambiwa tuache kabisa kumpa aspirini na ibuprofeni kwa maumivu ya tumbo, kwa sababu zinazidisha kutokwa damu kwa mtu wa hali yake. Alipewa dawa nyingine, pamoja na vidonge vya kuongeza madini ya chuma.

Sasa anatumia pedi ndefu za kawaida, anabadilisha kama wenzake. Mama mwenye binti aliyeanza na damu nyingi tangu hedhi ya kwanza, tafadhali usisubiri itulie yenyewe. Omba apimwe jinsi damu yake inavyoganda.

Fundi Cherehani

Pole sana Mama Binti, na hongera kwa kutokata tamaa.

Mimi nashona pedi za kufua na ninazivaa. Kwa hedhi nzito msinunue zile fupi za mfano. Iwe ndefu, nyuma ipanuke, ndani safu kadhaa za pamba au kitambaa cha taulo, na chini kabisa kitambaa kisichopitisha maji. Kuloweka ni kwenye maji ya baridi, maana ya moto yanaligandisha doa. Dawa ya kulainisha nguo usitie, inafanya kitambaa kisinyonye. Kausha juani mpaka unyevu uishe wote, vinginevyo utapata muwasho.

Nami nasema kweli kama mshonaji: siku zile mbaya kabisa pedi ya kufua peke yake haitoshi. Navaa kikombe, na pedi inakaa chini kama akiba.

Baba Pacha

Naomba niingie ingawa mimi ni mwanaume. Mke wangu ana hedhi ya namna hii. Nilikuwa nikitumwa dukani nasema "pedi", napewa yoyote, nafika nyumbani siyo yenyewe. Siku hizi nabeba pakiti tupu, naonyesha, nataka ileile. Na kwenye gari kuna begi dogo halitolewi: pedi, chupi, mfuko usioonyesha ndani, taulo ya rangi iliyoiva. Wanaume wenzangu mnaosoma kimyakimya, kununua pedi hakumpunguzii mtu chochote.

Bi Mkubwa

Asante baba, umetufurahisha.

Wanangu, mimi nipo kwenye umri wa kuelekea kukoma hedhi. Watu hudhani damu inaaga polepole. Yangu ilikaa miezi bila kuonekana, kisha ikaja kama bomba limepasuka. Pedi zote mnazozitaja nimezipitia. Kilichonifaa ni nepi za watu wazima za mtindo wa chupi, za kupandisha kama nguo ya ndani. Siku ya kwanza kuivaa nilijisikia mzee aliyeachwa na mwili wake. Leo nazivaa usiku na nikisafiri, nalala mpaka alfajiri, na sioni aibu tena.

Angalieni jambo moja. Nepi hizi zimetengenezwa kwa mkojo, ambao ni mwepesi na unanywewa haraka. Damu ni nzito, na bonge halinywewi, linabaki juu. Kwa hiyo mimi huweka pedi ndefu ndani ya nepi: pedi inapokea, nepi inazuia kinachopita pembeni. Na msikae nayo kutwa kwa sababu tu haijavuja, ngozi itachubuka.

Baadaye daktari wa wanawake alinitoa kipande kidogo cha ukuta wa ndani wa kizazi wakakipime kwanza, ndipo akaniwekea kitanzi chenye homoni. Miezi ya mwanzo damu ilikuwa inachungulia kila mara, ikanikera. Sasa ni matone. Nepi zimebaki kabatini kwa safari ndefu tu, moyo unakataa kuziacha.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi na pia mwenzenu katika hili, kwa hiyo nitaongeza machache.

Mkiona vifaa havidumu kama pakiti inavyosema, hamjakosea kuvitumia. Kwa muda mrefu viwanda vilipima uwezo wa bidhaa hizi kwa maji au maji ya chumvi, siyo damu. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa Marekani uliopima bidhaa 21 kwa kutumia damu ya binadamu. Kisahani cha hedhi, kile cha duara kinachokaa ndani juu zaidi kuliko kikombe, ndicho kilichobeba nyingi zaidi, wastani wa kama mililita 61. Chupi za hedhi zilikuwa za mwisho, kama mililita 2 tu. Kwa hiyo chupi ya hedhi ni nzuri kama kinga ya ziada, ila mwenye damu nyingi asiitegemee peke yake. Kisahani nimekijaribu: kinabeba kweli, lakini kukitoa kikiwa kimejaa kunachafua mikono, afadhali uwe bafuni kwako.

Tamponi, ile pamba ya kuingiza ndani, usiiache zaidi ya masaa 8, na kikombe usikipitishe masaa 12 hata kama hakijajaa. Ukipata homa kali ya ghafla, vipele kama umeungua na jua, kutapika au kizunguzungu ukiwa navyo, vitoe na uende hospitali mara moja.

Pima damu, na uombe feritini pia, siyo hemoglobini peke yake, kile kipimo cha kawaida cha wingi wa damu. Feritini inaonyesha akiba ya chuma mwilini, na inaweza kuwa imeshuka sana wakati hemoglobini bado inaonekana nzuri. Wengi wanaoambiwa ni wavivu, nywele zinakatika, mapigo ya moyo yanakwenda mbio kwa kazi ndogo, ndiyo hao. Vidonge vya chuma usivimeze pamoja na chai au kahawa. Choo kikiwa cheusi usishtuke.

Dawa za kupunguza damu zipo na si lazima ziwe za homoni. Asidi ya traneksamiki humezwa siku za damu tu, lakini aliyewahi kuganda damu kwenye mshipa wa mguu au kwenye mapafu amwambie daktari kabla. Na anayejaza pedi kila saa kwa masaa mawili mfululizo au zaidi, au anayeona giza akisimama, hiyo siyo ya kusubiri kesho.

Nyota Njema

Dada muuguzi, nina kitanzi cha shaba na tangu nikiweke damu imeongezeka. Naweza kutumia kikombe?

Zamu ya Usiku

Kitanzi cha shaba huongeza damu kwa wengi, hasa miezi ya mwanzo. Wapo wanaotumia kikombe na kitanzi pamoja, ila mvuto wa kikombe unaweza kukisogeza au kukitoa kitanzi. Mwonyeshe aliyekuwekea, aangalie urefu wa nyuzi za kitanzi. Ukikitoa kikombe usivute kwa kishikio. Bana kitako chake hewa iingie kwanza, na uhakikishe hukushika nyuzi. Damu isipopungua, usivumilie miaka. Kuna njia nyingine za uzazi wa mpango.

Mwanafunzi

Shikamooni. Nina mitihani mwezi huu, ya masaa matatu kila mmoja, na hesabu inaonyesha itaangukia siku zangu nzito. Kutoka nje unasindikizwa. Nawaza kununua kikombe nikivae siku ya mtihani. Mnanishauri nini?

Tulizo

Marahaba mdogo wangu. Kikombe kisikutane nawe mara ya kwanza siku ya mtihani. Kijaribu nyumbani, hedhi inapokaribia kuisha, ukiwa na muda na sabuni na maji. Kwa mitihani hii tumia unachokijua.

Mama Binti

Marahaba mwanangu. Fanya kama Bi Mkubwa: pedi ndefu ndani ya nepi ya kupandisha, sketi ya rangi iliyoiva. Badilisha dakika chache kabla ya kuingia, hata kama iliyopo haijajaa. Damu nyingi hushuka kwa mkupuo unaposimama baada ya kukaa sana, basi ukimaliza inuka taratibu. Na wiki hii, kabla mitihani haijaanza, nenda kituo cha afya wakuandikie barua kwamba unahitaji kutoka na kukaa karibu na mlango. Ukiona aibu kuipeleka mwenyewe, mpe mzazi au mwalimu wa kike unayemwamini aipeleke.