Tupeane uzoefu: Mario wa TV game, ulimchezea kwa nani na uliishia steji ya ngapi?

Luigi Mweupe
Wakuu habari za jioni.

Jumamosi nimepita kwa dada yangu kumchukua mwanangu nikakuta madogo wamejikusanya kwenye simu wanacheza Super Mario, na sio haya ya siku hizi yenye mapambo, ni ileile ya 1985, kobe, mabomba ya kijani, nyimbo zilezile. Nikasema ngoja niwaonyeshe wazee tulivyokuwa tunafanya. Shimo la kwanza nikatumbukia. Nikarudi, nikatumbukia tena palepale. Dogo wa miaka 9 akaniambia anko leta simu. Yaani kidole kinajua kabisa pa kuruka lakini Mario anakuwa kama ana haraka zake, sijui ndio uzee.

Mimi nilimjulia Dodoma. Mtaani kwetu TV game ilikuwa moja tu, kwa mama mmoja aliyekuwa anauza barafu za ubuyu. Ukinunua barafu unaruhusiwa kuingia sebuleni, ndala unaacha nje, na barafu unaimalizia mlangoni usije ukadondoshea zulia la watu. Sasa mnaokumbuka, Mario na Luigi hawachezi pamoja, Mario anaenda mpaka afe ndio Luigi naye aanze, na mtoto wa mwenye nyumba ndio alikuwa Mario siku zote. Mimi nakaa na pedi mkononi nusu saa nzima namuombea mtu afe, zamu ikija nagongana na kale kadudu ka kahawia ka kwanza kabisa, nimekufa, pedi inarudi mapajani. Ila nilikuwa najua kila kitu! Bomba lipi linaingilika, tofali lipi lina roho, yaani maisha ya ziada, nyota inatokea wapi, vyote kwa macho tu, hata sehemu ambazo mimi mwenyewe sijawahi kufika mpaka leo.

Haya tiririkeni.

Mtoto wa Likizo
Kwetu Moshi hatukuwa tunajua kwamba ile steji ya 1-2, yaani dunia ya kwanza steji ya pili, ile ya chini ya ardhi, unaweza kupanda ukatembea juu ya dari, tulikuwa tunaimaliza kistaarabu kama walivyotaka wenyewe. Akaja mgeni mmoja likizo ya Desemba, akapanda, akakimbia juu huko hata haonekani vizuri, akashuka tukakuta mabomba matatu yameandikwa 4, 3, 2, ukiingia unaruka moja kwa moja mpaka dunia hiyo. Sebule nzima kimya. Yule dogo alikula kwetu wiki mbili bila kuosha hata kijiko.

Fundi Redio
Hizo mashine nimezifungua nyingi sana enzi zangu. Zile mlizokuwa mnacheza karibu zote hazikuwa za Nintendo, kampuni yenyewe ya Mario, ni kopi, ukifungua ndani unakuta kibao kidogo cha saketi halafu katikati kuna tone jeusi kama lami limefunika chipu, basi, hiyo ndio kompyuta nzima. Na zile kaseti zilizoandikwa gemu 9999999, mtu anakuja ananiambia fundi nataka kaseti yenye gemu nyingi, nacheka kimoyomoyo, maana ukihesabu gemu za kweli mle unapata chache tu, zilizobaki ni hizohizo zimebadilishwa majina, Mario mmoja anaanzia mwanzo, mwingine anaanzia steji ya mbele.

Halafu nyie wapulizaji. Kaseti ikigoma mnachomoa mnapuliza fuuu mnarudisha, inawaka, mnajiona mafundi. Kilichokuwa kinasaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka upya, mate yenu yalikuwa yanaleta kutu kwenye pini. Kifutio cha penseli na spiriti kidogo, kazi imeisha.

Bin Ngazi
Sisi Mombasa tulikuwa na ile ya kobe wa 3-1. Wale kobe wawili wanaoshuka ngazi mwisho mwisho, yule wa nyuma ukimkanyaga vizuri gamba linagonga ngazi linarudi kwako, unalikanyaga tena, linagonga, linarudi, pointi zinapanda mpaka zinageuka kuwa roho, na hapo kila mdundo ni roho moja. Siku hiyo kakangu mkubwa ametoka madrasa mapema, akaanza kudunda, tukaenda tukala tukarudi yuwadunda tu. Ami yetu akauliza huyu mtoto ana nini. Kwenye skrini zile roho hazikuwa namba tena, zilikuwa alama alama na kijitaji, tukajua huyu sasa hafi mpaka Idi. Akashuka pale kwa mbwembwe, hatua chache, kobe mwengine akamgusa.

Gemu ova.

Wallahi tulinyamaza sote. Alichomoa mashine akaiweka juu ya kabati siku tatu. Ukubwani ndio nimekuja kuelewa, ile mashine huhesabu roho mpaka 127, ukipitisha hapo hesabu inageuka ikawa chini ya sifuri, kwa hiyo ukifa mara moja tu inakuona huna kitu. Nimemueleza juzi kwa simu, yupo Muscat sasa, amenijibu kwamba bado inamuuma.

Contra Daima
Mnasifia utoto wenu tu hapa. Gemu lenyewe unakimbia kulia tu, bunduki hamna, stori hamna, mfalme kamuiba binti basi. Contra, lile gemu la bunduki, mlikuwa mnacheza wawili kwa pamoja kama binadamu.

Luigi Mweupe
Mkuu Contra Daima hilo la kucheza pamoja sikubishii, nimeteseka mimi. Ila hebu fikiria kitu kimoja. Pale mwanzo kabisa hakuna maandishi ya kukufundisha, na sisi tungeyasoma vipi wakati hata kusoma tulikuwa tunakuunganisha unganisha. Unaona kadudu kanakuja, unaruka kwa hofu, unagonga boksi lenye alama ya kuuliza, unatoka uyoga, uyoga wenyewe unaenda kulia, unakutana na bomba, unageuka unakufuata wewe. Unataka kuukimbia unakushika na unakuwa mkubwa! Ndani ya sekunde chache umeshajua kuruka, kugonga na kula. Waliolitunga, Miyamoto na mwenzie Tezuka, waliipanga ile sehemu makusudi. Na ile kuruka ukishikilia kitufe unapanda juu zaidi, ukiwa hewani unaweza kujirudisha nyuma, ndio maana ukifa unajua kosa ni lako, unataka tena.

Na gemu zima, steji 32 na muziki wa Koji Kondo humo humo, ni kilobaiti 40. Picha ya harusi unayotumiwa WhatsApp inakula zaidi ya hapo. Walibana mpaka mawingu na vichaka vikawa mchoro mmoja, juu wameupaka nyeupe, chini wameupaka kijani. Mimi nimeliona hilo juzi kwa dada, miaka yote hiyo nilikuwa nakodolea macho tu!!

Giza la Saa Mbili
Nimefika 8-4 mara moja maishani mwangu. Lile jumba la mwisho ukikosea bomba linakurudisha ulikotoka, nimezunguka zunguka humo, jasho, ndugu wote wamesimama nyuma yangu, mpaka baba ameacha taarifa ya habari ipite. Umeme ukakata.

Kusevu hakuna. Sina la kuongeza.

Mama Wawili
Nyie kaka zangu mnaongea kama vile wasichana tulikuwa hatupo kwenye hizo sebule. Tulikuwepo, tunapeleka maji ya kunywa. Kwetu Tanga kaka yangu alikuwa ananiambia dada hizi pedi utaziharibu. Sasa yeye alikuwa anasoma zamu ya mchana na mimi asubuhi, kwa hiyo kuanzia saa saba mpaka anarudi ni mimi na Mario tu nyumbani. Siku moja nimekufa dunia ya 5, imerudi mwanzo, nikabonyeza Start huku kidole kingine kimelalia A kwa bahati mbaya, ikaanzia 5-1. Nikarudia nikaona kweli, ukishikilia A halafu Start unaanzia palepale dunia uliyofia, ili mradi usizime mashine. Nikanyamaza. Jioni naleta maji namuona anaanza 1-1 upya kwa mara ya kumi analaani, naweka glasi natoka zangu. Mpaka leo hajui, na kama yuko humu basi ajue leo.

Bin Ngazi
Dada una roho wewe.

Fundi Redio
Narudi kwa mleta uzi, hujazeeka. Gemu ya Japani na Marekani inachora picha 60 kwa sekunde, TV zetu zilikuwa za mfumo wa 50, na zile kopi zilizotengenezwa kwa ajili ya TV hizo zilikuwa zinaendesha gemu zima polepole kufuata TV. Cha kuchezwa dakika 5 sisi tulicheza dakika 6. Kutembea, kuruka, mpaka muziki. Kwenye simu ya madogo ndio unaipata kwa spidi yake halisi, kidole chako kimezoea ile ya pole.

Luigi Mweupe
Fundi umeniponya. Yaani hata ule wimbo ninaoupigia mluzi bafuni ni wa taratibu kuliko wenyewe.

Sasa swali, kuna mtu humu aliyemfikia binti mwenyewe, kwa mkono wake sio kwa kusimuliwa? Maana naona wote tuliishia njiani.

Mama Wawili
Mimi. Mara nne.

Contra Daima
Ushahidi?

Mama Wawili
Ukishamuokoa gemu haliishi, linakwambia bonyeza B uchague dunia ya kuanzia. Ukiingia unakuta vile vidudu vya kahawia vya 1-1 havipo tena, vyote vimekuwa kobe weusi, ukiwapiga moto hawafi. Muulizeni yeyote anayejiita bingwa kama aliwahi kuwaona hao kobe 1-1. Kaka yangu nilishamuuliza, akasema hakuna kitu kama hicho.