Mrejesho: Makefile za saraka nyingi

Wandugu, asanteni. Niliuliza namna ya kupanga Makefile (mafaili ya maagizo ya make, programu inayojenga mradi) za mradi wetu wa lugha ya C hapa Lubumbashi: saraka (folda) tatu (msingi, seva, zana), kila moja na Makefile yake, na ile ya juu inaziita kwa zamu. Shida zilikuwa mbili. Ukigusa heda ya msingi (faili la matangazo ambalo vyanzo vingine hulisoma), seva haijengwi upya. Ukiweka -j4 (kazi nne kwa pamoja), mara inapita, mara inagoma.

Nimefuata ushauri wa wengi wenu. Makefile ni moja tu, juu, na kila saraka ina kifaili kidogo, moduli.mk, kinachotaja vyanzo vyake na kuingizwa kwa agizo la include. Sasa make inaona utegemezi wote kwa pamoja, na -j4 imetulia. Kinachochosha ni njia za mafaili: include haihamishi saraka, kwa hiyo hata ndani ya seva/moduli.mk unaandika seva/kuu.c, si kuu.c. Basi, tumezoea.

Heda nimeiachia GCC, kikusanyi cha C: kwa -MMD -MP inaandika .d (orodha ya heda zinazotegemewa) kando ya kila .o (tokeo la kukusanya chanzo kimoja), nami naziingiza kwa -include. Kile kistari kinaizuia make kulalamika .d zikiwa bado hazijazaliwa.

Maktaba ya nje imebaki na Makefile yake. Naiita kwa $(MAKE) -C (-C huhamia saraka yake), si make tupu, la sivyo -j haifiki ndani.

Limebaki moja. Umeme ukikatika katikati, .o iliyoandikwa nusu inabaki na saa mpya ya kubadilishwa, na make, inayopima kwa saa hiyo, inaidhania nzima. Kwa sasa tunafuta zote na kujenga upya. Mwenye njia nafuu zaidi anipe.