AK, G3, M16 au L85: ipi inatunza ziro ya darubini vizuri zaidi milimani?

Mtwivila
Kamwene wakuu. Hapa Iringa ukigusa habari za bunduki, mazungumzo yanaishia Lugalo, Agosti 1891, Mkwawa alipomwangusha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na Wahehe wakaondoka na silaha za Wajerumani. Historia hiyo naiheshimu sana, ila leo naomba tuzungumze bunduki za majeshi ya sasa. Swali langu ni moja: ukishaifungia darubini na kuiweka ziro (kuirekebisha mpaka risasi ipige pale unapolenga), ipi inabaki pale pale baada ya kusafishwa, kubebwa na kugongwagongwa? Sina haja ya kusikia ipi ina nguvu, maana hilo limejadiliwa mpaka limechosha.

Mstaafu wa Mafinga
Kijana, swali zuri. Nianze na AK kwa sababu ndiyo wengi wetu tumeishika.

AKM, ile AK iliyoboreshwa, haikuundwa kwa ajili ya darubini. Kile kifuniko cha juu ni bati jembamba, na kila unaposafisha unakitoa. Ukifunga kitu cha kulengea juu yake, kesho risasi zinaangukia kwingine. Ndiyo maana Warusi waliweka reli ubavuni, upande wa kushoto, iliyopigwa ribiti kwenye mwili wenyewe wa bunduki. Kibanio kikikaza sawasawa unaweza kuivua darubini na kuirudisha, na ziro haihami sana. Ubaya wake, darubini inakaa juu, shavu halipati pa kuegemea kwenye kitako. Mpigaji asiyeweka shavu mahali pamoja kila risasi hana ziro hata bunduki ikiwa mpya.

Kwa vilengeo vya chuma, utaratibu wa AKM uko wazi: mita 100, kilengeo cha nyuma kwenye 3 (yaani mita 300), risasi nne. Angalau tatu ziingie ndani ya duara la sentimita 15, ndipo unatafuta katikati ya matundu. Katikati hiyo inatakiwa iwe sentimita 25 juu ya pale ulipolenga. Wengi hapa wanashtuka, wanadhani bunduki inapiga juu. Hapana, imewekwa hivyo ili ikifika mita 300 irudi kwenye shabaha. Ikiwa chini, kipini cha mbele unakizungusha kuingia ndani. Mzunguko mmoja kamili unahamisha risasi sentimita 20 kwa mita 100. Ikienda kulia au kushoto, unakisukuma kipini kwa kifaa chake, tena kidogo sana, maana milimita moja tu ni sentimita 26.

Kijana wa Uyole
Shikamoo afande. Nakubaliana na yote ya AK, ila kwa swali la mleta mada, familia ya M16 inashinda bila ubishi. M4 (ile fupi) na M16A4 zina reli bapa juu ya mwili, na mtutu umefungwa kwenye mwili huo huo. Unaweza kuifungua bunduki, ukaisafisha yote, ukairudisha, na darubini haijaguswa. Uhusiano wa mtutu na darubini ndio ziro yenyewe, mengine ni maneno.

L85 ya Uingereza nayo naipa heshima. Tangu ilipoingia jeshini mwaka 1985 ilikuja na darubini ya SUSAT yenye ukuzaji wa mara 4, wakati majeshi mengi bado askari wa kawaida alikuwa na vilengeo vya chuma tu. Bunduki ilikuwa na matatizo ya kukwama mpaka Heckler & Koch wa Ujerumani walipoitengeneza upya, lakini kwa kulenga haikuwa na aibu. Ni nzito, ukiongeza darubini na risasi inakaribia kilo 5.

Mtwivila
Marahaba kwa niaba ya afande, hajajibu. Na G3?

Mstaafu wa Mafinga
Marahaba. G3 ni chuma cha kazi, risasi yake ya 7.62 kwa 51 inafika mbali na kile kilengeo chake cha kuzungusha ni rahisi kumfundisha kuruta. Darubini yake inashikwa kwa kibanio chenye makucha yanayouma mwili wa bunduki juu. Kinatunza ziro vizuri kikiwa kizima. Shida ni ile ile ya shavu, kimo kimezidi. FAL ya Ubelgiji ndiyo siipendekezi kwa darubini: kifuniko chake cha juu kinateleza kutoka, kwa hiyo kina ugonjwa wa AK.

Fizikia Tukuyu
Naomba niongeze jambo la huku kwetu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar, kwa hiyo risasi inapoteza mwendo taratibu zaidi na haishuki sana kama pwani. Bunduki iliyowekwa ziro pwani ikipandishwa huku, kwa mita 100 huoni tofauti. Kwa 300 ni sentimita chache. Kuanzia 500 kwenda mbele inaanza kuwa kosa la kweli.

Linalowakosesha watu zaidi ni mteremko. Ukipiga kutoka ukingoni kwenda bondeni kwa nyuzi 30, mita 300 za macho ni kama 260 za usawa, na risasi inashuka kwa kufuata hizo 260. Ukilenga kwa 300 utapita juu. Kupiga kwenda juu ni vivyo hivyo, ingawa wengi wanaamini ni kinyume chake.

Ruaha Mashariki
Kwa uzoefu wa kazi ya ulinzi wa wanyama, ziro ikihama mimi huangalia skrubu za kibanio kwanza. Sisi tunazichora mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nusu kwenye skrubu na nusu kwenye kibanio. Mistari ikipishana, imelegea, huna haja ya kupoteza risasi kutafuta sababu. Ndipo unahesabu kliki, yaani hatua za kitufe cha kurekebisha darubini. Na ujue kliki za darubini yako: za sehemu ya kumi ya mili (kipimo cha pembe) ni sentimita 1 kwa mita 100, za robo dakika ya pembe ni kama milimita 7. Darubini ya PSO-1 ya Kirusi kliki moja ni sentimita 5, kwa hiyo usitegemee kuikamilisha ziro kwenye tundu moja.

Asubuhi za Juni huko Makete, darubini iliyopoa nje ikiingizwa kwenye gari lenye joto kioo kinapata ukungu. Usiiingize kwenye joto ghafla.

Mtwivila
Ikianguka kwenye mawe je, inatosha kuangalia mistari ya rangi?

Ruaha Mashariki
Haitoshi mkuu. Mistari inakuambia habari za skrubu tu, mtambo wa ndani huuoni. Rudi kwenye uwanja wa shabaha uliokubaliwa, piga risasi tatu ukiwa umelala na bunduki imeegemea mfuko wa mchanga. Matundu yakiwa pamoja lakini pembeni, rekebisha kliki. Yakitawanyika wakati jana yalikuwa pamoja, na kibanio kimekaza, darubini ipelekwe kwa fundi wa silaha.

Kijana wa Uyole
Na kabla ya kuilaumu, mpe mwenzako apige tatu zake.