Gorila anaisha, panya haishi, juu ya nini?

Kijana wa Nguba: Wandugu, miye nasema hivi, munyama haishi juu ya kuwindwa tu, anaisha juu ya vile anazaa. Mama gorila wa parke ya Kahuzi, karibu na Bukavu, anafikisha miaka kama 10 njo anazaa, mutoto moja, halafu anangojea tena miaka 4 ao 5. Panya mimba wiki 3, watoto 6 ao 8 mara moja. Ua panya kila siku atabaki. Lakini ukiua ule dume mwenye mugongo mweupe, familia yote inatawanyika na vitoto vinakufa. Na hawa mama wa makala njo wanamaliza pori.

Mama Neema: Mama wa makala wamekukosea nini? Tangu mume wangu afe nauzisha makala mu soko ya Kadutu, watoto 4 wamesoma na ile gunia. Weye chai ya leo asubui wamekupikia na nini?

Fundi Bagira: Mama iko na haki. Na hii ya kuzaa tuiache kwanza. Gorila wa milima wa Virunga anazaa polepole vilevile, lakini hesabu ya 2018, pamoja na wale wa Bwindi Uganda, ilifika 1 063, wanaongezeka, juu kuko walinzi na doktere wao. Viboko je? Mu parke ya Virunga miaka ya 1970 walipita 20 000, mu 2005 hawakufika hata 1 000. Ile ni bunduki, si mimba!

Muvuvi: Bunduki ndiyo, lakini sambaza, zile samaki ndogo za ziwa Kivu, tunavua kila usiku na taa, zililetwa toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, mpaka leo ziko, juu zinazaa mbio. Tembo mimba miezi 22, wakati wa vita wale wa Kahuzi ya juu waliuawa miaka kidogo tu karibu waishe, atazaa saa ngapi?

Kijana wa Nguba: Mama Neema sikukutukana, lakini magunia yanashuka na kinga (baiskeli) toka upande wa parke, nimeona na macho yangu.

Fundi Bagira: Na viboko? Hakuna mwenye amejibu.

Mama Neema: Uliona yangu? Yangu ni mikaliptusi ya shamba, Kabare, wanakata inachipuka tena pale pale kwenye kisiki. Usituweke wote mu gunia moja. Kesho kuya Kadutu, ufungue mwenyewe, uangalie muti wenyewe na ganda lake, halafu urudie hapa useme ile neno tena.