Dodoso la PHQ-9 Rungwe: aliyepita njia hii anisaidie

Wandugu, mugonile.
Niko mwaka wa pili wa uzamivu wa saikolojia, Uingereza. Februari nashuka Rungwe kukusanya data. Msimamizi anataka PHQ-9, lile dodoso la maswali 9 la kupima sonona, isiguswe hata neno, na mpango wa utafiti niusajili kabla sijaanza. Nianzie wapi?
Kijana wa Tukuyu

Ndaga, mdogo wangu.
Vibali: kamati ya maadili ya chuo chako, halafu NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, waulize mapema kama nawe unahitaji kibali chao; mgeni wa nje ukishuka naye, yeye anakihitaji. Kisha barua za mkoa, wilaya, kata, hadi mtendaji wa kijiji. Mimi nilimruka mtendaji. Nilikaa siku mbili barazani kwake nikimsubiri atoke msibani.

Kazi iko kwenye dodoso. Swali la kwanza linauliza kukosa hamu ya kufanya mambo, wiki mbili zilizopita. Nilimsomea mama mmoja Isongole, tumekalia magunia ya viazi. Akaniangalia. "Hamu ya kupalilia? Mwanangu, nani ana hamu ya kupalilia? Unapalilia." Kwenye karatasi hiyo ni 3, alama ya juu kabisa, karibu kila siku, na mama mwenyewe anacheka. Jirani yake, aliyefiwa na ambaye hali yake ilinitisha, alipata alama chache. Yeye alisema tu "nina mawazo", na neno hilo dodoso langu halikuwa nalo.

Kwa hiyo kaa kwanza na watu kumi hivi, kila mmoja alirudie swali kwa maneno yake. Jioni, maana Februari mchana wako shambani. Na swali la 9, la kujidhuru, usilisome kabla hujajua nani atampokea mtu hospitalini.

Msimamizi usimlaumu sana. Tangu 2015, tafiti 100 za saikolojia ziliporudiwa na takriban 36 tu kwa mia zikatoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, kila mtu anaogopa kubadili kitu njiani. Lakini mpango uliosajiliwa unarekebishika: andika ulichobadili, tarehe na sababu. Akibisha, mpe makala ya Henrich na wenzake ya 2010, kuhusu saikolojia kuwapima Wamagharibi na kuwaita binadamu wote.
Dada wa Uyole

Asante dada. Hilo la "mawazo" ulilibadilishia swali lipi?
Kijana wa Tukuyu

Hakuna. Yale 9 sikuyagusa. Niliongeza la 10, alama zake nikazihesabu pembeni.
Dada wa Uyole