Uwanja wa ndege wa Luano (Lubumbashi) hadi Brussels na mtoto wa miezi 9

Mama Kevi: Jambo wamama. Mwezi ujao naondoka Lubumbashi, nabadilisha ndege Addis Ababa, kisha usiku mzima angani. Mwanangu hataki chupa, na bila kitenge mgongoni halali. Baba yake yuko kule, niko peke yangu. Masikio yatamuuma?

Mama Naomi: Dada, yanauma zaidi ndege ikishuka. Usingoje tangazo la mwisho. Ukisikia injini zimepunguza sauti, mpe ziwa awe anameza. Mimi wangu alikuwa amelala, nikamhurumia kumwamsha. Weee! Alilia mpaka magurudumu yakagusa chini. Na kile kitanda kidogo cha ukutani kiombe mapema, viko vichache.

Baba Yannick: Vitenge beba viwili, kimoja kitatapikiwa. Uji wa mtoto hauzuiwi na ile sheria ya vitu vya majimaji visizidi mililita 100, ila uutoe mfukoni mkaguzi auone.

Mama Kevi: Aksanti. Na mgongoni wanakubali?

Mama Naomi: Ukitembeatembea, sijawahi kukatazwa. Wakati wa kuruka na kutua unampakata mbele, na mkanda wake mdogo unapitishwa kwenye wako.