Kipemba kosa, "poa" uchangamfu?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna hoja imezagaa hapa Unguja kwamba Kipemba kinamharibia mtoto Kiswahili, kwa hiyo skuli zikikomeshe hata watoto wanapocheza uwanjani. Mie naikataa.

Mtoto wa Micheweni, kule Pemba, akimuuliza mwenzake "kutaka nini?" hajakosea. Kwao "ku" ndiyo wewe, pale ambapo sisi wa mjini tunasema "unataka". Akisema "ntu" na "nto" badala ya "mtu" na "mto" anafuata kanuni ile ile aliyoikuta kwa bibi yake. Lakini akirudi kutoka Dar es Salaam na "mshikaji" na "poa" mdomoni, tunasema kachangamka! Hili linaniudhi kweli.

"Poa" tunaijua, uji hupoa na homa hupoa. Vijana wakaifanya jibu la salamu, hapana kilichoharibika. "Shwari" ndiyo iliyosafiri mbali. Ni neno la baharini: upepo umekatika, maji yametulia tuli. Kwa nahodha wa jahazi si habari njema hata kidogo, tanga linaning'inia, mzigo haufiki, watu washike makasia. Leo mtu wa Dodoma asiyepata kupanda hata dau anaulizwa hali anajibu "shwari", yaani mambo yake yanakwenda vizuri. Maana imegeuka juu chini na hakuna aliyelalamika.

Na hicho Kiswahili sanifu kimetoka wapi? Kiunguja cha mjini kilikuwa lahaja miongoni mwa lahaja. Mwaka 1928, wakati wa ukoloni, kikao cha Mombasa ndicho kilichokichagua, ingawa Kimvita, lahaja ya Mombasa, nacho kilikuwa na watetezi wake na hazina kubwa ya mashairi. Kamati ya Lugha ya 1930 ikaendelea kukisanifu kwa ajili ya vitabu vya skuli. Kilichaguliwa, basi, hilo halikifanyi Kipemba kuwa uchafu.

Kwenye mtihani, sawa, mtoto aandike sanifu, maana msomaji wake anaweza kuwa Kigoma. Mwalimu amwoneshe tofauti bila ya kumcheka mbele ya wenzake. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wenyewe wameshatoa makamusi ya Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Tunakusanya maneno kwa mkono mmoja, kwa mwengine tunayapiga marufuku?

Anayetaka Kipemba kikomeshwe anijibu: kwa nini "ntu" liwe kosa na "poa" lisiwe? Na nyinyi walimu wa Wete na Chake Chake, darasani kwenu mnafanyaje?